Wimbo Unaotaja Kisima

Nyimbo za amani Kenya tunazo tele. Kila uchaguzi unapobisha hodi huzuka nyingine, wasanii wa makabila mbalimbali wakipokezana beti mbele ya bendera, redio zikizipiga asubuhi na jioni. Matokeo yakishatangazwa, nazo husahaulika. Reggae haiko hivyo. Reggae iko barabarani mwaka mzima, na hilo ndilo linalonifanya niitafakari kila ninapopita Sultan Hamud, mji mdogo wa Makueni ulio kilomita kama 110 kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa. Utaisikia kwenye spika ndogo iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani wa bodaboda, utaisikia kwa kinyozi, utaisikia ndani ya kabini ya lori lililoegeshwa huku dereva akimalizia chai yake. Mkamba anatikisa kichwa, Mmaasai aliyeleta mbuzi anatikisa kichwa, na muuza maembe anayekimbilia dirisha la basi na ndoo yake anakwenda kwa mdundo huohuo.

Niseme mapema ninachoamini. Mwanamuziki wa reggae anaweza kuleta amani katika mji kama huu, na ataileta siku atakapotaja kwa jina kile kinachogombaniwa. Akiimba upendo na umoja tu, atapigiwa makofi na kila mtu, kisha kila mtu atarudi kwenye ugomvi wake.

Jina la mji lina historia yake. Hamud bin Mohammed aliwekwa kwenye kiti cha usultani wa Zanzibar na Waingereza mnamo Agosti 1896, baada ya manowari zao kulipiga kasri kwa mizinga katika vita vilivyodumu kwa dakika kama 38. Reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea bara, husimuliwa kwamba Sultani alifika hapa kuitazama, na stesheni ikabaki na jina lake. Wenyeji hawakuulizwa. Hawakuulizwa pia wakoloni walipotenga hifadhi ya Wakamba huku na ya Wamaasai kule, wala Wamaasai wa Laikipia walipohamishwa kwa mkataba wa 1911 waje kubanana na wenzao wa kusini. Leo migawanyo ile imekuwa kaunti mbili, Makueni na Kajiado, na viongozi wa pande zote mbili wamebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu mahali mpaka unapopita na nani akusanye ushuru katika miji ya kando ya barabara, Sultan Hamud na Emali miongoni mwao. Kiangazi kikikaza, ubishi huo hushuka mashambani: ng'ombe wanaotafuta majani huingia kwenye ndengu zilizobakiza wiki mbili kuvunwa. Upande wa Kitui, kwenye mpaka na Tana River, mambo ni mabaya zaidi. Huko wakulima wa Kikamba na wafugaji wa ngamia wamezozana kwa miaka mingi na watu wameuawa.

Lakini ugomvi ninaouona mzito kuliko yote katika Makueni uko mtoni. Mito mingi hapa ni ya msimu. Mvua ikikatika, maji ya juu hutoweka na mchanga hubaki umelala mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mgeni atasema mto umekufa. Mama wa Kikamba anajua vingine. Hupiga magoti, akafukua kwa mikono, kisha kwa bakuli, hadi mchanga unapobadilika rangi. Hapo hutulia akangoja. Maji hujikusanya taratibu chini ya shimo, machafu kwanza. Huyachota akayamwaga pembeni, akangoja tena, na yanayofuata huwa maangavu. Atajaza mtungi wa lita 20 kikombe baada ya kikombe, punda akisubiri kivulini. Mchanga ndio tangi lake. Ukiondoka, maji nayo hayana pa kukaa.

Mchanga huohuo ndio unaojenga maghorofa ya Nairobi. Malori huteremka mtoni, vijana wakaupakia kwa sepetu, wakalipwa pesa za siku ile, na baada ya miezi kadhaa mto umebaki mwamba mtupu. Ndugu hugawanyika hapo: mmoja anakula kutokana na lori, mwingine mama yake anatembea kilomita zaidi kutafuta maji. Watu wamepoteza maisha kwa sababu ya mchanga. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ilikuwa hatua ya maana sana, ila sheria peke yake haikumaliza biashara ya usiku.

Sasa mweke hapo kijana wa reggae. Ana sauti, ana mashairi, ana rafiki mwenye kompyuta na maikrofoni ndani ya chumba cha mabati kilichozibwa kwa magodoro. Aimbe nini?

Mdundo wenyewe unamsaidia. Katika benga, ambayo Wakamba wanaipiga kwa ufundi mkubwa tangu enzi za Kakai Kilonzo, gitaa humkimbiza mchezaji na haliachi mwanya. Mpiga ngoma wa reggae ya asili huacha pigo la kwanza lipite tupu. Ngoma kubwa hutua kwenye pigo la tatu, gitaa hukwaruza katikati ya mapigo, mguu ukiwa bado hewani, na besi ndiyo inayoimba chini ya vyote. Kila ala huachia nyingine nafasi. Mtu aliyekuja na hasira zake muziki huu humlazimu angoje kidogo, na katika kungoja huko maneno humwingia. Ndiyo sababu ujumbe mzito unakaa vizuri ndani ya reggae: unasikika kila neno, na mwili hauukatai.

Hata hivyo mdundo hauna msimamo. Msimamo ni wa mtu.

Nimerudi mara nyingi kwenye picha moja ambayo hata katika matatu zetu hubandikwa. Ni usiku wa Jumamosi, 22 Aprili 1978, katika Uwanja wa Taifa jijini Kingston, Jamaika. Wafuasi wa vyama viwili, PNP na JLP, walikuwa wakipigana kwa bunduki mitaani kwa miaka kadhaa. Bob Marley mwenyewe alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Desemba 1976, akahama nchi. Mapema mwaka 1978 wababe wawili wa pande hasimu, Claudius Massop na Bucky Marshall, walipatana, na tamasha likaandaliwa ili kuutia nguvu upatanisho wao. Usiku ule Marley aliwaita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na kiongozi wa upinzani Edward Seaga, akaishika mikono yao akaiinua pamoja juu ya kichwa chake. Nyuso za wanasiasa wale zilikuwa zimekakamaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezama katika sala.

Wengi huishia kwenye picha hiyo. Mimi namkumbuka aliyetangulia jukwaani usiku huohuo, Peter Tosh. Tosh hakushika mkono wa mtu. Alisimama mbele ya viongozi walewale akawahutubia kwa hasira kuhusu unyanyasaji wa polisi na umaskini wa vijana wa mitaa ya Kingston, na akadai haki kabla ya kuambiwa habari ya amani. Miezi michache baadaye, Septemba 1978, polisi walimkamata wakampiga nusura afe. Massop aliuawa na polisi Februari 1979. Na katika uchaguzi wa 1980 Wajamaika kama 800 waliuawa. Kupeana mikono kulipigwa picha. Yale aliyoyasema Tosh hayakufanyiwa kazi. Nampenda Marley, na ule ulikuwa ushujaa mkubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa na risasi ndani ya mkono wake. Lakini kama ningeulizwa ni yupi kati yao aliyekuwa akiitafuta amani ya kudumu, ningemtaja Tosh.

Sisi nasi tuna picha zetu. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano mbele ya Kofi Annan, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila wakapeana mikono mbele ya Harambee House.

Ghasia za 2007 zinanipa uchungu wa pekee kama mpenzi wa reggae. Lucky Dube, Mwafrika Kusini aliyeacha mbaqanga katikati ya miaka ya 1980 akaimba reggae dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ambaye hakuna basi la kwenda mashambani Kenya ambalo halijawahi kumpiga, aliuawa na majambazi waliotaka gari lake huko Rosettenville, Johannesburg, tarehe 18 Oktoba 2007. Tulimlilia kama ndugu. Miezi miwili na ushei baadaye, tarehe 30 Desemba, matokeo ya urais yalitangazwa na nchi ikawaka. Sina shaka kwamba wengi waliosimamisha magari barabarani na kuwauliza abiria majina yao, wapate kujua kabila, walikuwa wakizijua nyimbo za Dube mstari kwa mstari. Walizipenda kwa dhati. Nyimbo zile zilisema mengi kuhusu rangi, gereza, watoto na walevi, lakini hazikusema neno kuhusu ardhi iliyogombaniwa ya Bonde la Ufa, na hazikuwa na wajibu wa kusema. Huo ulikuwa wajibu wa wanamuziki wetu, na hawakuutimiza kwa wakati.

Kisha wanasiasa wakaiazima reggae yenyewe. Kampeni ya BBI, mpango wa kurekebisha katiba uliotokana na kupeana mikono kwa 2018, ilichukua mstari wa wimbo wa Dube ikaufanya kaulimbiu, kwamba hakuna awezaye kuisimamisha reggae. Mnamo Februari mosi 2020 msafara huo ulifika Kitui mjini. Mkulima wa Kitui aliyelishiwa shamba na ngamia alisikia reggae siku hiyo, na hakusikia lolote kuhusu shamba lake. Mahakama Kuu ilipouzuia mswada wa BBI tarehe 13 Mei 2021, mitaani watu walisema reggae imesimama. Ilinikera. Kilichosimama ni mswada wa marekebisho ya katiba. Reggae ilikuwa imegeuzwa bango, na iligeuka bango kwa urahisi kwa sababu tumezoea kuiona kama muziki wa maneno mapana yasiyomgusa mtu.

Atakayesema kwamba muziki kwa asili yake ni amani na aitazame Rwanda. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki hodari, na nyimbo zake zilisikika sana kwenye redio RTLM. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mnamo Desemba 2008, kwa kuchochea mauaji kupitia kipaza sauti kilichofungwa kwenye gari katika Juni 1994. Hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake, lakini sauti iliyowaamuru watu waue ilisikika kwa sababu ilikuwa imeshapendwa. Kadiri msanii anavyopendwa ndivyo madhara anayoweza kuyafanya yanavyokuwa makubwa, na mema pia.

Ukambani pana mfano mwingine, na nauona una damu moja na reggae ingawa ulitokea Marley hajazaliwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua Wakamba wana mifugo mingi mno, ikaanza kuikamata na kuiuza kwa bei ya kutupa, mingine ikienda kiwanda cha nyama cha Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza zaidi ya watu elfu moja, wanawake na watoto wakiwemo, kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi. Walikaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Hawakuvunja kitu, hawakumpiga mtu, na hawakuondoka. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa. Wale watu walikuwa na amani kamili, na walijua kwa jina wanachokidai: ng'ombe wetu, warudishwe. Mwanareggae wa Sultan Hamud hana haja ya kwenda Kingston kutafuta ukoo wake.

Kwa hiyo nikirudi kwa kijana wetu, naona wimbo wake uko mtoni. Aimbe kuhusu mama aliyepiga magoti na bakuli. Ataje mto kwa jina lake. Aimbe kuhusu lori linaloteremka saa nane usiku, na kuhusu dalali wa mbali ambaye hajawahi kuchota maji pale. Sehemu ngumu ni hii: wapakiaji wa lori ni rafiki zake. Ni mashabiki wake wa kwanza, ndio wanaomchangia pesa za kurekodi. Akiwaimba kama maadui watamtenga, na hatakuwa amesema kweli, maana njaa yao nayo ni ya kweli. Inabidi awaimbe akiwa mmoja wao. Kazi hiyo inataka ushairi wa hali ya juu kuliko kupanga vina vya umoja na pamoja.

Kipo cha kusifu pia. Vikundi vya mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, vimejenga mabwawa ya mchanga mengi katika mito ya Ukambani. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokingamishwa mtoni. Kila mvua huleta mchanga, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake maji yakahifadhiwa hadi kiangazi. Kina mama hubeba mawe kwa mstari huku wakiimba. Wafugaji wakipangiwa zamu ya kunywesha, ukuta mmoja huondoa ugomvi wa miaka mingi. Sijui kwa nini jambo kama hili halina wimbo wa reggae unaojulikana nchi nzima, wenye zamu zilezile ndani ya kiitikio, saa za ng'ombe na saa za mitungi, watoto wauimbe wakienda shule.

Na auimbe kwa lugha za mahali. Wengi wa vijana wetu huiga Kijamaika, wakapata lafudhi nzuri na msikilizaji asiyeelewa. Kiswahili kiwe uti wa wimbo kwa sababu ndicho cha sokoni. Ubeti mmoja uwe wa Kikamba, mwingine wa Kimaasai, na huo wa Kimaasai auimbe Mmaasai mwenyewe, akiwa na malalamiko yake, si kama pambo la kuonyesha utangamano. Pande mbili zikisikia madai yao yameimbwa kwa haki ndani ya wimbo mmoja, mazungumzo yameshaanza. Musyi FM na Mbaitu FM wanasikilizwa Ukambani, Mayian FM inasikilizwa Umaasaini. Wimbo mmoja ukipigwa pande zote siku ileile utafanya kazi ambayo baraza la siku moja haliwezi.

Wazee watasema: huyu mwenye rasta ndiye atufundishe amani? Swali hilo lipo, hasa katika nchi ya kanisa kama Ukambani, ambako nywele ndefu humaanisha bangi na wizi kabla mtu hajafungua kinywa. Mahakama Kuu Nairobi iliamua tarehe 13 Septemba 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyekataliwa shuleni kwa ajili ya nywele zake, kwamba Rastafari ni dini inayostahili kuheshimiwa. Uamuzi ule ulimlinda mtoto yule. Imani ya wazee itapatikana kwa njia nyingine, msanii akionekana kwenye mwethya akibeba mawe, akionekana mazishini, akionekana kwenye kikao cha upande wa pili akiwa kimya anasikiliza. Atakapoimba, wamjue.

Kenya itapiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027. Nawaomba wanareggae wa Sultan Hamud, Emali, Wote, Kitui na Mwingi msingoje kuitwa na chama wala tume iliyobakiza miezi miwili na bajeti ya fulana. Nendeni mtoni msimu huu wa kiangazi, ulizeni nani anachota wapi na nani amemzuia, kisha rekodini. Nanyi watangazaji, wimbo ukiwafikia na jina la mto limo ndani yake, na jina la kijiji, na lawama kwa wanaostahili lawama, msiuogope. Upigeni.